Risasi Katika Sufuria Niliyoing'arisha

Mwezi uliopita mama mmoja jirani alinijia akiwa ameubeba mkono wake wa kulia juu ya wa kushoto, kama mtu abebaye kuku mgonjwa, akaniuliza kama umemshika ugonjwa ule ulionishika mimi. Nilimtazama ufizi, nikamwuliza habari za tumbo na za sufuria. Haukuwa ugonjwa wangu. Alikuwa ameulalia mkono, na kabla ya jioni vidole vilikuwa vimeamka. Lakini alipokuwa akiondoka nilitambua kwamba hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, watu huniuliza kwa kunong'ona jambo ambalo ingefaa nilieleze kwa sauti. Kwa hiyo ninaliandika. Mimi si daktari. Ninaandika kuhusu kukaa kwenye benchi, kuvishwa nguo na binti yako, na kumtazama jirani usoni.

Naitwa Faida. Nilizaliwa Bukavu mwaka 1971, nikafika Dzaleka tarehe 14 Agosti 2003 pamoja na mume wangu Byamungu na binti yetu Nsimire aliyekuwa na miaka mitano. Utotoni sikusomeshwa kupita darasa la nne. Shule niliikuta kambini: nilikaa dawati moja na watoto walioweza kuwa wanangu, wakanicheka, nami nikawashinda. Cheti cha sekondari nilikipata mwaka 2012, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na mwaka uliofuata nikaanza kuwafundisha akina mama kusoma na kuandika. Sikukionea haya cheti hicho wakati ule, wala sikionei haya leo.

Mume wangu alikuwa mfua sufuria. Yeye na mdogo wake Mugisho walinunua vyuma chakavu vilivyotoka Lilongwe: vipande vya injini, rejeta za magari, madirisha ya alumini, na yale yaliyomo ndani ya betri kuukuu. Waliviyeyusha nyuma ya nyumba na kuvimimina katika kalibu za mchanga. Ile risasi ya betri ilifanya uji wa chuma uteremke vizuri, usiache matundu. Sufuria za Byamungu hazikuvuja, na kambi nzima ilizijua. Alifariki tarehe 2 Novemba 2010, baada ya miaka miwili ya maumivu ya tumbo, mikono kutetemeka, na hasira ambazo hakuwa nazo ujanani. Wengine walisema karogwa, wengine vidonda vya tumbo. Mimi, Mungu anisamehe, kuna siku nilisema ni uvivu.

Baada ya msiba Mugisho aliendelea na kazi, na mimi nikauza alizozitengeneza. Tangazo langu lilikuwa kichanja kilichosimama mbele ya mlango. Kwetu Bukavu mwanamke hupimwa kwa sufuria zake: zikiwa nyeusi, hata mchuzi wake huhukumiwa. Kila asubuhi nilisugua zangu kwa mchanga wa mtoni na ndimu, nje na ndani, mpaka zikaonyesha uso wa mtu, kisha nikazipanga juani. Aliyekuja na ya kwake imekolea masizi nilimsema. Jirani yangu Mama Riziki, mwanamke wa Fizi aliyelima kutwa na kurudi na matope magotini, ndiye niliyemsema kuliko wote.

"Mama Riziki, ile kitu njo sufuria ao njo kofia ya shetani?" nilimwuliza kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, ambako "njo" ni "ndiyo" na "wa-" hugeuka "ba-".

"Acha ikuwe nyeusi," alinijibu. "Mboga haina macho."

"Lakini bageni beko na macho!"

Wenzetu walicheka, naye akacheka, lakini baada ya juma moja nilimwona amechuchumaa na mchanga na ndimu, anasugua. Nilifurahi. Nilijiona nimemfundisha mtu.

Ugonjwa ulinianza katika mvua za mwishoni mwa 2013. Tumbo lilinikaza kama nguo inayokamuliwa, kisha likafunga, nikapita siku nyingi bila kwenda chooni. Chakula kilikuwa na ladha ya sarafu iliyowekwa ulimini. Zahanati ilinipa dawa ya minyoo, halafu ya amiba, halafu ya vidonda. Nilipungua hadi kitenge kikanizunguka mara mbili. Nilisahau majina ya wanafunzi wangu, nikawakaripia kwa kuwa nimesahau mimi. Kanisani waliniombea, na padri akasema nina kinyongo na marehemu. Nilimjibu vibaya. Ladha ile ya sarafu ilikuwa imeingia hata katika maneno yangu.

Siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2014, nilikuwa ubaoni nikiandika silabi za "ma". Chaki ilianguka. Niliinama kuiokota, nikaona kiganja changu kimening'inia kutoka kifundoni kama jani la mgomba lililokatwa. Hakikuniuma. Nilikiamuru kiinuke, hakikuinuka. Mama mmoja akasema kwa upole, "Mwalimu, kaa chini kwanza." Nilikaa, nikawaambia waendelee kunakili. Sikutaka wanione nikilia.

Wengi huniuliza ni nini kilichoniumiza zaidi. Si tumbo. Ni Nsimire, mwenye miaka kumi na sita, kunifunga vifungo vya blauzi. Nilikuwa nimemzoesha kwamba mimi ndimi ninayejua. Sasa ndiye aliyenichana nywele, aliyenimenyea viazi, aliyenisubiri nje ya choo na kopo la maji.

"Mama, inua mukono. Si ule, wa kushoto."

"Utachelewa masomo."

"Nimekwisha kuchelewa. Inua."

Alikosa mitihani ya muhula ule. Hakulalamika, na kutolalamika kwake kukawa mzigo wa pekee. Kama wewe unayesoma unauguzwa na mtoto wako, mruhusu akasirike. Mimi sikumruhusu, akaja kukasirika baadaye kwa mambo madogo ambayo hayakustahili.

Mwishoni mwa Aprili zahanati ilinipeleka hospitali ya Lilongwe. Tulitoka alfajiri kwa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi barabara kuu. Mwendesha baiskeli alinifunga kiunoni kwa kitenge nisianguke, maana sikuweza kujishika. Benchi la hospitali lilikuwa la mbao, refu, limelainishwa na makalio ya wagonjwa. Hapo ndipo nilipojifunza kusubiri. Unajua nani ametangulia, unamlindia mwenzako nafasi akienda kujisaidia, mnagawana viazi vitamu. Bibi mmoja Mmalawi aliyekaa kando yangu hakujua Kiswahili, nami Kichewa changu kilikuwa cha sokoni, lakini aliona mkono wangu umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine, akauchukua, akauweka ndani ya mikono yake na kuupasha joto mpaka nilipoitwa. Alisema tu, "Pepani, mayi." Pole, mama. Sikuwahi kumwona tena.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Dokta Chisomo. Aliupima mkono, kisha akanifunua mdomo na kuutazama ufizi kwa tochi kwa muda mrefu. Palikuwa na mstari wa buluu iliyokolea pembeni mwa meno. Aliniuliza kwa Kiingereza kazi yangu, kisha ya mume wangu. Nilinyoosha mgongo, nikamweleza kwa fahari kwamba sufuria zinazopika Dzaleka ni za Byamungu, kwamba hazivuji, na siri yake ni betri.

Aliweka kalamu chini. Akanichukua damu, akaniambia nikirudi nije na sufuria ninayopikia.

Nilirudi nayo tarehe 19 Mei. Nilikuwa nimemwagiza Nsimire aisugue vizuri zaidi ya kila siku, kana kwamba inakwenda harusini. Majibu yalikuwa mezani: damu yangu ilikuwa na risasi, madini yale mazito ya ndani ya betri, kwa kiasi ambacho daktari alikuwa amekisoma vitabuni tu. Aligusa sufuria kwa kidole, akauliza nani aliyeing'arisha hivyo.

"Ni binti yangu. Nimemfundisha."

"Na wengine?"

"Wote," nilisema.

Alinieleza taratibu. Utando mweusi unaojijenga ndani ya sufuria kuukuu huzuia kidogo madini yasitoke. Anayesugua kwa mchanga kila siku huuondoa utando huo, na ndimu na nyanya huja kuyavuta. Hata sufuria nyeusi ya aina hii haikuwa salama, alisema, lakini yangu ilikuwa ya hatari kuliko zote.

Niliuliza risasi inafanya nini ndani ya mtu. Nilikuwa nimesoma kemia kwa shida, nilitaka kujua. Aliomba rozari iliyokuwa mapajani mwangu, akainyoosha mezani. Protini za mwili, alisema, ni punje zilizofuatana hivi. Zikinyooka hazina kazi. Akaikunja. Kila protini ina mkunjo wake, na baadhi hushikizwa penye kona na chembe moja ya madini. Ile inayosaidia kutengeneza damu hushikwa na zinki: punje tatu zinaizunguka kama vidole vitatu vilivyoshika tonge. Risasi ikija inaiondoa zinki na kukaa mahali pake. Ni kubwa zaidi na inang'ang'ania zaidi, mkunjo unaharibika, na protini ile inaacha kazi. Akaiachia rozari, ikaanguka mezani bila umbo. Ndivyo ilivyokuwa ndani ya damu yangu, na kwa njia nyingine ndani ya mishipa ya mkono wangu.

Nilielewa vizuri mno. Nilipokuwa nikielewa niliuona mlango wa Mama Riziki, na mtoto wake Riziki, mwenye miaka minne, aliyekuwa akilamba mwiko.

Nyumbani nilimwita shemeji Mugisho kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisikiliza huku amesimama.

"Shemeji, unataka kuniambia kaka aliuwa batu?"

"Hakujua. Wala wewe. Wala mimi niliyeziuza."

"Basi nyamaza! Kaka alikufa mara moja, inatosha. Ukisema, utamuzika mara ya pili, na safari hii bila maombi." Aliangalia kalibu zake. "Na banangu ine batakula mchanga?"

Watoto wake wanne nami niliwafikiria. Nilimwambia nitasema Jumapili. Aliondoka, na msimu mzima wa baridi hakupita tena mbele ya mlango wangu.

Jumapili, baada ya ibada, niliomba nafasi. Nilisimama mbele ya watu walionunua kwangu, mkono ukiwa umefungwa kwenye ubao, nikasema kila kitu: betri, mchanga, ndimu, na jina la mume wangu. Niliwaambia wasipikie tena sufuria zile, nyeusi wala nyeupe, wala wasiziuze kwa wanunuzi wa chuma, maana zitayeyushwa na kurudi. Mama mmoja akasema nyuma, "Sasa Madame Masomo anataka tupikie mu kofia?" Kanisa likacheka. Mwingine akasema, "Muzee alikuwa mwema. Ni aibu bibi kumuchafulia jina." Hilo liliingia ndani, kwa sababu nililisema mwenyewe kila usiku.

Wengine walizileta sufuria, wengine hawakuzileta, na siwalaumu: mwenye sufuria moja hawezi kuambiwa asubiri nyingine. Mama Riziki alikuja jioni ile na yake mkononi, inang'aa. Hakukaa.

"Riziki analia tumbo tangu Pasaka," alisema. "Na maneno yake, bado ni matatu tu. Nilizania ni mtoto wa polepole. Njo hiyo?"

Nilisema, "Twende naye Lilongwe."

Dokta Chisomo alikuwa amempata mwenzake wa nje ya nchi aliyemtumia dawa kwa ajili yangu: vidonge vya awamu tatu. Nilianza ya kwanza tarehe 30 Juni, katika baridi. Ukifungua chupa, nyumba nzima inanuka yai viza. Daktari alisema harufu ni ya salfa. Ndiyo mikono ambayo dawa huitumia kuishika risasi, kuing'oa mahali ilipokalia na kuitoa kwa mkojo. Nilimeza huku nimeziba pua. Nilitapika, nikameza tena. Nsimire alinuka yai viza hadi darasani, wenzake wakamtania, naye akawajibu kwamba mama yake ametaga. Nilicheka mpaka tumbo likauma, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule maumivu ya tumbo yalikuwa ya kicheko. Mwisho wa awamu, kidole cha kati kiliinuka upana wa unyasi.

Mwishoni mwa Julai tuliitwa sote kwa majibu ya damu: Nsimire, Mama Riziki na mtoto, na mimi. Damu ya Nsimire ilikuwa na risasi, lakini kwa kiasi cha kungoja na kula vizuri. Ya Riziki ilikuwa juu sana. Daktari alizungumza nami kwa Kiingereza ili niwatafsirie.

"Dawa iliyobaki, nataka kumpa mtoto," alisema. "Kipimo chake ni kidogo, itamtosha. Yako nitaiomba nyingine, lakini siwezi kuahidi ni lini."

Nilikitazama kile kidole.

"Na mkono wangu?" niliuliza.

"Mishipa ya mkono inaweza kurudi polepole, ukishaacha kula risasi. Ubongo wa mtoto hausubiri."

Mama Riziki, asiyejua Kiingereza, alikuwa akinitazama mdomo, na mtoto amelala begani mwake.

"Anasema nini?" aliuliza.

Ningependa kusema hapa kwamba nilijibu mara moja, lakini haikuwa hivyo. Kwanza nilifikiri juu ya ubao, juu ya chaki, juu ya miaka ile yote ya kukaa na watoto. Nilifikiri kwamba dawa ilikuja kwa jina langu. Ndipo nikasema, "Anasema dawa iko. Riziki ataanza leo."

Akashukuru. Alinishukuru mimi, akipiga magoti nusu, mtoto begani, na mimi nikamwacha anishukuru.

Dawa ya Riziki tuliifungua na kuimimina punje zake katika ndizi iliyopondwa. Alitema. Tukajaribu uji, akatema. Siku ya pili mke wa Mugisho, ambaye mumewe hakuwa akisema nami, alileta sukari ameifunga kwenye pindo la kitenge, akaiacha mezani bila neno. Kwa sukari ile Riziki alimeza. Nilikwenda kila asubuhi na jioni kumshika mikono kwa mkono wangu mmoja wakati mama yake akimlisha, na alinichukia kama watoto wanavyomchukia mwenye sindano.

Awamu yangu nyingine haikufika hadi mvua za Januari 2015. Mkono ulirudi kwa namna ulivyotaka wenyewe: kwanza vidole, kisha kifundo, halafu nguvu kidogo. Mwezi wa Juni niliandika silabi za "ma" tena. Leo ninaandika haya nao, ingawa nyama ya kiganja imepungua na baridi ikija naushika kwa mwingine. Mugisho aliacha kalibu mwaka ule ule, baada ya mwanawe wa tatu kupimwa. Anapakia magunia ghalani Kanengo, huko Lilongwe, na kurudi Jumamosi. Tunasalimiana, na hujibu habari zote, lakini hali chakula kwangu.

Damu ya Riziki ilishuka baada ya awamu mbili. Tumbo likaacha kumwuma, maneno yakaja, mengi, ya Kifuliru cha mama yake na Kichewa na Kiswahili kwa pamoja. Alipoanza shule alirudia darasa la kwanza. Mwalimu wake alisema ana akili nzuri lakini herufi hazimkai. Mama yake alikuja kwangu siku hiyo, akaketi mlangoni.

"Wewe ni wa masomo," alisema. "Niambie kweli. Ni ile risasi, ao ni kichwa cha baba yake? Maana na yule herufi hazikumukaa."

Nilimwambia kwamba daktari alisema hakuna awezaye kujua. Nilimwambia pia lile ambalo sikuwa nimemtafsiria: kwamba niliuliza kuhusu mkono wangu, na kwamba nilichelewa kujibu.

Aliondoa tope kwenye kisigino chake.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Uliangalia kidole kwanza, mbele ya kuangalia mutoto." Kisha akasema, "Hata mimi ningeangalia."

Nikaanza kumwahidi maharage, sabuni, vitu nilivyokuwa nikimpelekea kila mwezi tangu mwaka ule. Alinikata.

"Maharage niko nalima mwenyewe. Acha kunilipa, Mama Nsimire, unanichosha. Fundisha huyu."

Tangu siku hiyo Riziki huja kila alasiri. Ana miaka minane. Kuna siku anasoma ukurasa mzima, na kuna siku anakwama katika neno alilolijua jana, nami hubaki nikitafuta usoni mwake kama ni uchovu wa kawaida wa mtoto au kama ni kazi ya risasi niliyoiuza. Sijaweza kutofautisha. Wala nawe hutaweza, ewe unayeuguza au kuugua haya, usijidanganye, mfundishe tu.

Jana alikwama kwenye neno "mlima". Nilimngojea, na sikumsaidia, maana ndivyo ninavyowafundisha akina mama. Aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akainua macho.

"Mwalimu, mbona unaniangalia vile? Angalia kitabu."

Nikaangalia kitabu.